Faili Kubwa Halipiti: Kubana, Kukoboa na Kukata Vipande

Najua mnasubiri ile makala ya mbolea ya kukuzia, ipo njiani. Leo niruhusuni nitoke kidogo kwenye udongo, kwa sababu kilimo cha biashara siku hizi kina karatasi nyingi kuliko jembe, na karatasi zenyewe ziko kwenye simu na laptop. Zikikwama, mauzo yanakwama.

Msimu uliopita kikundi kimoja cha vijana wa parachichi huku kwetu Nyanda za Juu Kusini kilipata mnunuzi wa nje. Hakuomba mambo makubwa. Alitaka rekodi za upulizaji za msimu mzima, picha za kila kitalu, na video ya banda la kufungashia ionekane maji yanatoka wapi na wafanyakazi wananawia wapi. Mwisho wa kupokea ni Ijumaa saa nne asubuhi. Jumatano usiku katibu wa kikundi akanipigia: "Bwana shamba, barua pepe inakataa, inasema mzigo mkubwa." Folda yao ilikuwa na GB 3.8. Nikamjibu kwa kujiamini kabisa: "Izipu tu hiyo." Akaizipu. Laptop ikahema dakika ishirini na ushee, na ZIP ilipotoka ilikuwa na GB 3.7.

"Bwana shamba," akaniambia, "hii dawa yako haiui."

Alikuwa sahihi, na mimi sikuwa na jibu. Usiku ule sikulala, nikakaa kusoma kwa nini. Kumbe tatizo halikuwa dawa, nilikuwa naipulizia mdudu asiye wake. Kuna njia tatu za kushughulika na faili kubwa, na kila moja ina mahali pake. Ukizichanganya unapoteza muda, bando, na siku nyingine unapoteza faili lenyewe, kama ilivyonikuta mimi. Nitafika huko.

Kubana: robota la nyasi

Chukua nyasi za malisho. Ukizipakia zikiwa huru, Kirikuu inajaa juu mpaka chini na ng'ombe wako hawamalizi hata siku chache wakishiba. Ukizipitisha kwenye mashine ya marobota, nyasi zilezile zinakaa sehemu ndogo, na ukikata kamba unazipata zote. Hakuna jani lililopotea. Kilichotoka ni hewa.

Kompyuta nayo inapobana faili inatafuta hewa, na hewa ya kwenye faili ni marudio. Fikiria daftari lenu la upulizaji mkiliandika kwenye kompyuta. Kila mstari una jina la shamba, namba ya kitalu, aina ya mche, jina la dawa, kipimo, jina la mpulizaji, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Ukiangalia vizuri, kutoka mstari mmoja hadi mwingine kinachobadilika ni tarehe na namba ya kitalu, basi. Maneno "Hass, hakuna wadudu walioonekana" yameandikwa labda mara mia nne. Programu ya kubana inayaandika mara moja. Ikikutana nayo tena inaweka alama fupi yenye maana ya: rudi nyuma herufi kadhaa, nakili herufi kadhaa. Wakati wa kufungua inafuata alama hizo na kuandika kila kitu upya, herufi kwa herufi, nukta kwa nukta.

Wazo hilo lilichapishwa mwaka 1977 na Waisraeli wawili, Abraham Lempel na Jacob Ziv. Juu yake huongezwa ujanja wa David Huffman wa mwaka 1952: herufi inayotokea mara nyingi ipewe alama fupi, ya nadra ipewe alama ndefu. Kwa maandishi ya Kiswahili "a" ingepata alama fupi kuliko zote, na "x" ikae mwisho wa foleni. ZIP yenyewe ililetwa na Mmarekani Phil Katz mwaka 1989, na mpaka leo ukibana faili kwa ZIP ya kawaida unatumia mawazo hayo mawili.

Sasa angalia inavyofanya kazi kwenye rekodi. Kifaa cha kupima joto la chumba cha baridi kinachoandika kila baada ya dakika 5 kinatoa mistari 288 kwa siku, yaani 105,120 kwa mwaka. Mstari ukiwa na herufi 40, faili la mwaka linafika kama MB 4.2. Lakini tarehe zinafanana, saa zinafanana, na joto kama chumba ni kizima linacheza palepale. Hewa tupu. Faili la namna hiyo kupungua kwa zaidi ya robo tatu ni jambo la kawaida. Rekodi za kituo cha hali ya hewa, namba za mizani, orodha za mauzo zilizohifadhiwa kama maandishi ya kawaida au CSV, zote bana bila wasiwasi.

Picha za simu je? Hapo ndipo nilipokosea. Picha ya JPEG imeshabanwa na simu yenyewe sekunde ileile ulipobonyeza. Video ya MP4 vilevile. Ni marobota tayari. Ukilipeleka robota kwenye mashine ya marobota litatoka robota lilelile, labda na kamba ya ziada. Ndiyo maana GB 3.8 zilitoka GB 3.7: rekodi zilipungua, lakini zilikuwa kitu kidogo sana ndani ya mzigo wa picha na video.

Na lingine ambalo hata mimi lilinishangaza. Faili la Excel la siku hizi, lenye mwisho wa .xlsx, lenyewe ni ZIP. Word ya .docx hivyohivyo. Ukitaka kuamini, tengeneza nakala, badilisha mwisho wa jina uwe .zip, kisha ufungue; utakuta folda ndani. Kwa hiyo usisumbuke kuzipu Excel ukitegemea itapungua. Na PDF nyingi zimeshabanwa kwa ndani.

Hii haina maana kwamba kuzipu picha ni dhambi. Inakusaidia kuzifungasha pamoja, picha 260 ziwe faili moja, mpokeaji asipoteze hata moja. Ila kama unatumia 7-Zip, ile programu ya bure ya Igor Pavlov, kwenye sehemu ya kiwango cha kubana chagua "Store". Maana yake weka tu, usibane. Kazi ya dakika ishirini itaisha kwa dakika chache, na ukubwa ni uleule.

Kukoboa: sembe hairudi dona

Picha na video zinataka njia nyingine, na hii siyo kubana, ni kukoboa. Ukikoboa mahindi pumba inatoka, mzigo unapungua, ugali unakuwa mweupe. Lakini hakuna mashine duniani itakayoirudisha sembe iwe dona. Ukipunguza picha, kuna kitu umekitupa moja kwa moja. Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na siibadilishi: koboa nakala, dona ibaki stoo.

Picha ya simu ya kawaida ina nukta kama 4,000 kwa 3,000, jumla milioni 12. Mtu wa ofisini anayetaka kuona kitalu kimesafishwa hahitaji zote. Punguza ziwe 1,600 kwa 1,200, nukta zinabaki chini ya moja ya sita, na uzito wa picha unashuka sana. Kwenye kioo cha laptop hataona tofauti. Video ndiyo inayolipa zaidi. Vijana mnapenda kurekodi kwa 4K kwa sababu simu inaweza. 4K ina nukta mara tisa ya video ya 720. Mtu anayetaka kuona bomba la kunawia liko wapi, 720 inamtosha na kubaki. HandBrake ni programu ya bure ya kompyuta inayofanya kazi hiyo. Unaweka video, unachagua 720, unaenda kunywa chai. Tena kunywa taratibu, maana laptop za zamani zinachukua muda. Na kabla ya hayo yote, kata video. Dakika kumi na mbili za mtu akitembea na simu imeangalia miguu yake, hizo hazihitaji programu, zinahitaji kufutwa.

Wapi usikoboe? Picha ya ugonjwa au mdudu. Mtu akinitumia picha ya jani la nyanya anataka nimwambie kama ni kantangaze au kitu kingine, halafu picha imepunguzwa mpaka njia za mdudu ndani ya jani zimekuwa ukungu, nitamsaidiaje? Hapo badala ya kupunguza picha nzima, kata pembeni. Bakiza lile jani lenye tatizo kwa ukubwa wake halisi, tupa anga na vidole vyako. Faili linapungua na ushahidi unabaki. Ramani za droni za afya ya mimea nazo usizigeuze JPEG kienyeji. Zile siyo picha za kupendeza, kila nukta ni kipimo, na JPEG inavuruga vipimo kimyakimya.

Halafu kuna WhatsApp. Ukituma picha kwa njia ya kawaida, WhatsApp inaikoboa bila kukuuliza, na inaondoa taarifa zilizofichwa ndani ya picha: ilipigwa wapi na lini. Kwa picha ya harusi haina shida. Kwa picha ya shamba lililopigwa mvua ya mawe ambayo mtu wa bima atataka kujua ilipigwa wapi na siku gani, umeharibu. Tuma kama "Document". Njia hiyo haigusi kitu, na inapokea faili mpaka GB 2.

Kukata vipande, na kwa nini nakuambia usikimbilie

Mzigo ukishindikana kupita, unagawanywa. Lori haliingii njia ya shamba, kwa hiyo magunia yanahamishiwa kwenye Kirikuu na bodaboda. Hilo linaeleweka. Lakini kugawa kuna namna mbili, na watu wengi hawaoni tofauti.

Namna ya kwanza ni kugawa kwa magunia yanayojitegemea. Picha za kitalu cha 1 kwenye ZIP yake, kitalu cha 2 kwenye yake, rekodi peke yake. Gunia moja likichelewa, mengine yanaliwa. Mpokeaji anafungua kila moja kwa kompyuta yoyote, haitaji programu ya ziada wala maelezo.

Namna ya pili ni kulikata faili lenyewe vipande, kama unavyochana mbao ya meza. Mguu mmoja wa meza siyo meza. Kwenye 7-Zip unabonyeza faili kwa kitufe cha kulia, unachagua "Add to archive", halafu kwenye sehemu ya "Split to volumes" unaandika ukubwa wa kipande, mfano 50m. Vinatoka vipande vyenye mwisho wa .001, .002, .003 na kuendelea. Mpokeaji anaviweka vyote kwenye folda moja bila kubadilisha majina, anafungua kile cha .001 tu, programu inaviunga vingine yenyewe. Akivifungua kimoja kimoja hapati kitu. Kikikosekana hata kimoja, hapati faili zima. Na ZIP ya vipande haifunguki kwa Windows yenyewe bila programu kama 7-Zip. Kwenye simu za Android ZArchiver inafanya kazi hiyo.

Kwa hiyo ushauri wangu: gawa kwa magunia kwanza. Kata vipande pale tu ambapo una faili moja kubwa lisilogawanyika, mfano video ndefu ambayo lazima iende nzima, au ramani ya droni. Na kabla hujakata, mwulize mpokeaji kama anaweza kuunganisha. Mnunuzi aliyekaa ofisini kwake ng'ambo akipokea faili linaloisha na .004 hatakupigia kukuuliza, atafungua barua ya mkulima mwingine.

Faida ya kugawa, kwa namna yoyote ile, iko kwenye mtandao. Kampuni za simu zinatangaza kasi kwa megabiti, mafaili yanapimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Kama mtandao wako wa kupandisha ni megabiti 1 kwa sekunde, ambayo vijijini siyo mbaya, GB 3.8 ni sekunde 30,400. Karibu saa nane na nusu, tena usikatike hata mara moja. Nani ana mtandao wa hivyo? Lakini mzigo wa MB 50 ni sekunde 400, chini ya dakika saba. Ukikatika unarudia huo mmoja tu.

Kuhusu barua pepe niongeze kidogo, maana wengi mnapima kama lumbesa, mnajaza mpaka juu ya mdomo wa gunia. Gmail kikomo chake ni MB 25, ofisi nyingine wanaweka chini ya hapo. Sasa kiambatisho kikisafiri kwa barua pepe hugeuzwa kuwa herufi, na kugeuzwa huko kunaongeza uzito kwa karibu theluthi moja. Ofisi ikisema mwisho MB 10, wewe usipitishe 7. Ukizidi hapo, weka kwenye Google Drive, ambako unapewa GB 15 bure, kisha tuma kiungo. Ila hakikisha umeruhusu mwenye kiungo afungue. Nimeshaona mkulima amepoteza siku mbili kwa sababu mpokeaji alikuwa anaomba ruhusa, na maombi yanaingia kwenye barua pepe ambayo mkulima huwa anaifungua mwezi mara moja.

Lile la kwangu

Sasa nisimulie lililonikuta. Kabla ya hawa vijana wa parachichi, kulikuwa na mkulima wa viazi aliyepigwa na mvua ya mawe. Alikuwa na bima ya mazao. Nikaazima droni, nikarusha shamba zima asubuhi yake, picha pamoja na video, na laptop ikanitengenezea faili moja la GB 6. Nilikuwa na flashi ya GB 32, tupu. Nikanakili. Flashi ikakataa, eti faili ni kubwa mno. GB 6 zinakataaje kwenye GB 32?

Sababu ni hii, na ikukae kichwani. Flashi nyingi zimetayarishwa kwa mfumo wa zamani unaoitwa FAT32, ambao haupokei faili moja linalofika GB 4, hata kama nafasi ipo tele. Unaweza kuitayarisha upya kwa exFAT na kikomo hicho kikaondoka, lakini kuitayarisha upya kunafuta kila kilichomo, kwa hiyo toa vitu vyako kwanza. Njia nyingine ni kukata vipande, na 7-Zip inalijua tatizo hili: kwenye orodha yake ya ukubwa kuna "4092M - FAT".

Mimi nikakata vipande viwili. Nikavinakili kwenye flashi. Laptop ilikuwa imejaa pomoni, na nilikuwa na semina kesho yake, nikafuta faili la asili. Nikafuta na picha za kwenye kadi ya droni, maana droni ya watu inarudishwa safi. Halafu nikachomoa flashi haraka kwa sababu bodaboda alikuwa ananisubiri nje.

Kipande cha pili hakikuwa kimemaliza kuandikwa. Kwa macho kilikuwepo, jina lipo. Tulipojaribu kufungua kule kwenye ofisi ya madai, programu ikasema data imeharibika. Shamba zima la viazi, ekari sita, ushahidi wake ulikuwa umekatwa katikati kama nyoka. Kesi ya yule mzee ilibaki na picha nne za simu alizopiga mwanawe. Alilipwa kidogo sana. Mpaka leo tukikutana mnadani ananisalimia vizuri, ananiuliza habari za watoto, na mimi ndiye ninayeangalia pembeni.

Nilichopaswa kufanya kingechukua dakika chache. Kwanza, kungoja laptop iseme flashi sasa inaweza kutolewa. Pili, kufungua flashi ileile, kubonyeza kile kipande cha .001 na kuchagua "Test archive". Kila faili linapofungwa, programu inahesabu namba fulani kutokana na maudhui yake na kuiweka ndani. Ukipima, inahesabu upya na kulinganisha. Herufi moja ikibadilika namba hazilingani, unajua palepale. Tatu, na hili ndilo kubwa, kutofuta ya asili mpaka mpokeaji aseme "nimefungua, nimeona". Siyo "nimepokea". Kupokea na kufungua ni vitu viwili.

Kama unatuma kitu kizito kwa mtu aliye mbali, kuna alama ya SHA-256, ambayo ni kama alama ya kidole ya faili. Windows inayo ndani yake: unafungua dirisha jeusi la amri, unaandika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256. Inatoa mstari mrefu wa herufi na namba. Mpokeaji akifanya hivyohivyo kwake na mistari ikafanana, faili limefika zima. Kwa mambo ya kila siku siitumii, lakini kwa ushahidi wa bima sasa naitumia kila mara, mnaelewa kwa nini.

Kwa kuhifadhi, usitengeneze gunia moja la GB 40 la maisha yako yote ya kilimo. Mafaili ya 7z mara nyingi hubana vitu vingi kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo doa moja kwenye diski linaweza kuondoka na mengi yaliyo nyuma yake. Fungasha kwa msimu na kwa zao. Weka nakala moja kwenye laptop, moja kwenye diski ya nje, na moja mbali na nyumba, iwe Drive au kwa shemeji mjini. Mwizi akiingia ndani anachukua laptop na diski iliyolala pembeni yake.

Nywila nayo. Orodha ya wanachama wa kikundi ina namba za NIDA, namba za simu na akaunti za benki. Hizo ni taarifa za watu, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 hatuwezi kuzisambaza kama vipeperushi. 7-Zip inakuwezesha kuweka nywila, na ukitumia 7z unaweza kuficha hata majina ya mafaili yaliyomo. Nywila usiiandike kwenye barua ileile yenye faili, ipigie simu. Na iandike mahali, kwa sababu ukiisahau hakuna fundi wa mjini atakayekufungulia, hata akikuambia anaweza. Upande wa pili, ukipokea ZIP kutoka kwa usiyemjua, ikasema ni bei mpya za mbolea, na ndani ukakuta kitu kinachoisha na .exe, usikiguse.

Turudi kwa vijana wa parachichi. Alhamisi asubuhi tulikaa kwenye benchi nje ya duka la pembejeo, ndipo mtandao unaposhika. Rekodi tulizitenga, zote pamoja hazikufika hata nusu megabaiti, zikaondoka kwa barua pepe dakika ileile. Picha 260 tulizipunguza, zikashuka kutoka GB 1.3 hadi karibu MB 100, tukazifunga kwa kitalu, ZIP sita. Video tatu tulizikata vichwa na miguu, tukazishusha hadi 720, zikabaki kama MB 200. Mzigo wa kupandisha ukawa MB 300 badala ya 3,800. Kwa hesabu ni dakika arobaini. Mtandao ulikatika mara mbili, tukatumia kama saa moja na robo, na ZIP ya kitalu cha 5 ndiyo tuliyoirudia peke yake.

Katibu alitaka kufuta zile za asili palepale kupata nafasi ya simu. Nikamshika mkono. Jumatatu mnunuzi akaandika kwamba kwenye picha ya kitalu cha 3 haoni vizuri lebo ya kopo la dawa, anaomba picha yenyewe ya mwanzo.